Mkono wa Kulia wa Nana

Shule yetu ilitangaza wiki ya kuweka simu kando: mtoto akitoka darasani asiguse kioo, na nyumba nzima imsaidie, wakubwa kwa wadogo. Nyumba itakayoshinda, mtoto wake ndiye atapiga ngoma kubwa siku ya michezo. Niliitaka ngoma ile mpaka sufuria ya mama ikabonyea kwa mazoezi yangu.

Bibi yangu, Nana Konadu, aliapa kabla ya wote. Alikusanya simu zetu, akazitia kwenye chungu, akakaa kando yake.

"Atakayefunua chungu hiki, fufu ya leo haonji," alisema. Kumbe tumemkabidhi fisi bucha.

Ijumaa alasiri mwalimu wangu, Madam Serwaa, akaingia uani kutukagua. Kwetu mgeni haulizwi habari kabla ya maji. Nikajaza kikombe, nikampa Nana amkaribishe. Akakipokea kwa mkono wa kushoto, akamnyooshea mwalimu kwa huohuo.

Mchi wa mama, aliyekuwa akitwanga mihogo ya fufu, ukabaki hewani. Huyu ndiye Nana aliyemrudisha mjomba Boadu getini kwa sababu tu alimpungia mkono wa kushoto, ambao kwetu ni tusi.

"Nana, nimekukosea nini?" Madam akauliza.

"Hujanikosea, mwanangu. Mkono wa kulia umekufa ganzi."

"Pole. Lete niukande."

"Utapona wenyewe."

Chini ya kitenge chake, mapajani, sauti ya mwanamke ikalia: "Usiniache, mpenzi wangu."

"Tumbo hilo," akasema Nana. "Nina njaa."

Nikamkazia macho: Nana, usilegee. Lakini kikombe kilikuwa bado kinasubiri na mgeni ana kiu. Nana akashusha pumzi, akautoa mkono wa kulia pamoja na simu yake, tamthilia bado inaendelea, akaiweka chini, akampa mwalimu maji kwa adabu zote.

Madam akanywa akamaliza. "Asante, Nana. Afriyie, ngoma imekwenda."

Nililia bila haya. "Nana, umeniuza kwa kikombe cha maji?"

"Ulitaka tusemwe hatuna adabu?"

Siku ya michezo ngoma ilipigwa na Yaw wa jirani, tena kombo. Nana alikuwa mstari wa mbele, anampungia leso nyeupe kwa mkono wa kulia. Simu ya kumrekodi aliishika kwa wa kushoto, na tangu hapo huishika huko daima, wa kulia ubaki huru kwa wageni. Hilo ndilo somo alilolipata kwenye ile wiki ya shule, na karo nimelipa mimi.