Baiskeli Mbili Njia ya Mtae

Efrazia alipostaafu ualimu, watoto walidhani atafuga kuku. Badala yake alinunuliwa baiskeli ya gia na mumewe, Nikodemo, ambaye alikuwa bwana miti wa wilaya mpaka umri ulipomtoa kazini. Tangu hapo, mvua zikikatika, wazee hawa wawili hufunga hema na sufuria kwenye keria, wakatoka Lushoto mjini polepole kama watu wasiodaiwa haraka na yeyote. Kilima kikiwashinda, wanashuka wanasukuma. Nikodemo akiona mti aliowahi kuupanda, wanasimama autazame.

Safari hii walikuwa wanakwenda Mtae. Walipitia Magamba na Lukozi, na usiku wa mwisho walilala Sunga, hema lao likiwa kwenye uwanja wa kanisa, kwa ruhusa ya mwinjilisti.

Asubuhi yake ndipo kosa lilipotokea, na lilikuwa kosa dogo. Nikodemo ana ugonjwa wa sukari. Kila asubuhi hujichoma sindano ya insulini, kisha anakunywa uji papo hapo. Siku hiyo alijichoma uji ukiwa umeshaiva, kisha akaona tairi lake la nyuma limelala. Akaigeuza baiskeli juu chini ili azibe pancha, na katika kuigeuza akaupiga teke uji wote ukamwagika kwenye nyasi. Efrazia alikuwa upande wa pili anakunja hema. Nikodemo aliona aibu kuanza kusumbua watu kwa uji mwingine, akanyamaza, akajiambia atakula Mtae. Mkewe alipoikuta sufuria tupu, aliiosha akidhani mume amekunywa.

Walipoondoka, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Ukungu wa kule si wa kuchezea. Unaliona tairi lako la mbele na hatua chache za udongo mwekundu, basi. Nikodemo alitangulia kama kawaida yake. Mwanzoni alikuwa anapiga kengele kila kona ili mkewe ajue alipo. Baadaye kengele ikakoma.

Efrazia alimfikia kwenye mteremko mmoja, akaona anayumba. Kwenye kona Nikodemo alishika breki akiwa amechelewa sana, tairi likateleza na kusimama karibu kabisa na mfereji. Efrazia aliposogea akamwona usoni. Jasho lilikuwa linamtiririka, na baridi ile ilikuwa ya kuvaa makoti.

"Baba Clemence, umekula kweli wewe?" aliuliza.

"Usinipangie maisha," alijibu Nikodemo.

Katika ndoa yao yote alikuwa hajawahi kumjibu hivyo. Efrazia alikumbuka kliniki walivyomwonya: sukari ikishuka, mtu anaweza kuwa mkali, akachanganyikiwa huku bado anatembea. Alimwomba ashuke wakae kidogo. Alinyoosha mkono kuchukua pakiti ya glukosi, ambayo ilikuwa kwenye mkoba uliofungwa mbele ya usukani wa baiskeli ya mumewe. Nikodemo aliupiga ule mkono, akapanda baiskeli na kujiachia kwenye mteremko.

Efrazia alimfuata. Alitamani kupiga kelele, lakini aliogopa kwamba mume akigeuka kumtazama ndiyo ataanguka. Vidole vilimuuma kwa kubana breki. Upande wa kushoto alijua kuna bonde, ingawa hakuliona. Alilisikia tu kwa jinsi upepo ulivyokuwa unapanda kutoka chini. Alipofika njia panda ya kwenda kijiji cha Mambo alishindwa kujua mumewe amepita wapi. Akashuka, akainama, akatafuta. Udongo wa kwenda Mambo ulikuwa na mchirizi mpya wa tairi. Alishika njia hiyo akiomba Mungu mchirizi usiwe wa mtu mwingine.

Alimkuta nje ya barabara. Nikodemo alikuwa amesimama juu ya jabali, ameikumbatia baiskeli yake kwa mikono miwili kama mtu anayegombea mali. Nyuma yake hakukuwa na kitu isipokuwa weupe wa ukungu. Efrazia aliwahi kufika hapo na wanafunzi wake zamani, alikuwa anajua kwamba baada ya jabali lile ardhi inakatika, na chini kabisa ni tambarare za Mnazi.

Alipiga hatua moja. Nikodemo akarudi nyuma hatua moja.

"Wewe nani?" aliuliza. "Hii baiskeli yangu."

"Mimi Efrazia."

"Simjui."

Efrazia alisimama palepale. Alielewa kwamba kila atakaposogea, mumewe atarudi nyuma, na nafasi ya kurudi ilikuwa haipo tena. Asiposogea, atamwona akianguka hivihivi kwa kuishiwa nguvu. Alianza kuongea taratibu, maneno yoyote, majina ya watoto, jina la mtaa wao. Nikodemo alimtazama kama anayemtazama tapeli sokoni.

Wakati huo mwanamke mmoja alitokea kwenye ukungu akiwa na jembe begani na kikapu mkononi, anakwenda kuchimba viazi. Jina lake Rahma, ingawa Efrazia alilijua baadaye. Efrazia alimweleza kwa sauti ya chini: ni mume wangu, sukari imemshuka, hanitambui, na nyuma yake ni shimo. Rahma hakuuliza zaidi. Alilaza jembe kwenye nyasi, akatoa kwenye kikapu chupa ya chai aliyoibeba ya shambani, akapiga goti kidogo huko huko alikosimama, mbali na jabali.

"Shikamoo, baba."

Nikodemo alimgeukia. Kisha mdomo ukafunguka wenyewe. "Marahaba."

"Karibu chai, baba. Usitupite hivihivi."

Alimimina kikombe, akakiweka juu ya jiwe, akakaa chini na kumvuta Efrazia akae pia, mgongo kwa Nikodemo, kana kwamba hakuna mtu wa kumkamata. Efrazia alikaa. Kumpa mgongo mume aliye ukingoni mwa jabali lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya. Alisikia baiskeli ikiburuzwa. Hakujua inaburuzwa kuja au kwenda. Akakaza macho kwenye vidole vyake, mpaka viatu vya Nikodemo vilipotokea pembeni yake.

Alikunywa akiwa amesimama. Chai ilikuwa na sukari nyingi, kama wanavyoipenda watu wa jembe. Rahma alimmiminia tena. Kikombe cha pili alikinywa amekaa, na Efrazia akaweza kuufikia ule mkoba wa mbele, akatoa glukosi na kuikoroga kwenye kikombe kilichofuata. Ilichukua muda. Kisha Nikodemo alimtazama vizuri.

"Mama Clemence, mbona unalia?"

Upepo ulikuwa umeanza kuusukuma ukungu. Nikodemo aligeuka, akaona alipokuwa amesimama, na chini huko mbali mashamba ya Mnazi yakiwaka jua. Alisogea karibu na mkewe.

Rahma aliwapeleka kwake, akawapikia viazi na maharage. Hapo ndipo Nikodemo alipoeleza habari ya uji. Efrazia alimsikiliza mpaka mwisho, akatoka nje, akakaa peke yake nyuma ya nyumba kwa muda mrefu. Alikuwa na hasira ambayo hakutaka mumewe wala mwenyeji wao aione. Aliporudi alisema jambo moja tu.

"Uji ukimwagika, unaniambia. Hata kama ni wa kumi."

Nikodemo akasema atamwambia.

Mtae walifika kesho yake kwa kusukuma baiskeli, bega kwa bega, wakamwona mganga wa zahanati, kisha wakarudi Lushoto juu ya lori la kabichi. Bado wanasafiri. Ila sasa anayetangulia ni Efrazia, na Nikodemo, ambaye zamani hakupenda kuona mgongo wa mtu mbele yake, hupiga kengele kila kona bila kukumbushwa.