Ada ya Bustani

Mama Anjelina aliletwa Dodoma mwezi wa sita, amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la kukodi, mkono wake wa kushoto umetulia tumboni kama kitu alichokabidhiwa amshikie mtu. Kiharusi kilikuwa kimempata kwao Tukuyu, asubuhi, akiwa kwenye migomba yake. Ambokile, mwanawe pekee aliye hai, alikuwa afisa utumishi katika ofisi moja ya serikali kule Mtumba. Hakuwa na njia nyingine. Alimchukua mama yake, akamfungia nyumba, akampa jirani ufunguo, akamleta kwake Nzuguni.

Mkewe Brightness alikuwa muuguzi, kwa hiyo upande wa dawa na mazoezi hawakupata shida. Shida ilikuwa kile kibaraza. Kila asubuhi walimtoa mama nje akae kwenye kiti apate hewa, naye kila asubuhi alitazama uwanja wa nyumba yao, udongo mwekundu mtupu mpaka kwenye ukuta wa tofali, upepo ukiuchota na kuumwaga pale pale. Hakulalamika. Alikuwa anapungua tu. Chakula alikigusa, akakisogeza.

"Mama, unataka nini?" Ambokile alimuuliza siku moja.

"Hakuna, mwanangu."

"Sema tu."

Maneno yalikuwa yakimjia polepole tangu augue. "Macho yangu hayana mahali pa kukaa," alisema.

Ambokile aliondoka Tukuyu akiwa mdogo kwenda kusoma bweni, na tangu hapo hakuwahi kushika jembe. Lakini neno lile lilimchoma. Jioni hiyo hiyo, akiwa anapekua simu, alikutana na tangazo la klabu ya bustani iliyoitwa Mkono wa Kijani. Ukilipa ada unapata jarida kila mwezi na unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp lenye wataalamu. Tangazo lilisema hivi: "Hujawahi kupanda hata mchicha? Hapa ndipo pako." Akaona ni kama wamemtaja yeye. Akalipa.

Jarida la karatasi lilichukuliwa mjini, kwenye duka la mabomba na rangi la familia moja ya Kihindi. Mke wa mwenye duka, Dhara, alikuwa mwanachama wa zamani na ndiye wakala. Alimpa Ambokile nakala yake akamtazama kwa makini.

"Kaka, unaanza?"

"Ndiyo kwanza naanza. Ni kwa ajili ya mama yangu, anaumwa."

"Sawa. Mimi napanda kwenye ndoo juu ya paa. Nafurahia sana hili jarida, lakini nikwambie kweli, mimi nalipia watu. Pale kundini nina marafiki wa Arusha, wa Songea, tunatumiana picha za maua. Kujifunza nilijifunza kwa kuua mimea." Alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Lakini soma. Lina mengi mazuri."

Na kweli yalikuwa mazuri. Picha zilikuwa za kung'aa: matuta ya kabichi yaliyonyooka, nyanya zinazoning'inia, maboga yaliyotambaa juu ya uzio. Ambokile alilima matuta manne mbele ya kibaraza kwa kufuata michoro, akachanganya samadi, akasia mbegu za mchicha, spinachi na nyanya. Mama yake alimwelekeza kwa mkono mzima kutoka kitini.

"Usizike sana! Mbegu si maiti."

Brightness alitoka jikoni kusikiliza, maana ilikuwa mara yao ya kwanza kumsikia akipaza sauti tangu afike. Mchana huo mama alikula ugali wake wote.

Miche ikaota. Kwa majuma kadhaa nyumba ile ilikuwa nyumba nyingine. Ambokile aliamka mapema kumwagilia kwa maji ya kisima kabla ya kwenda kazini, na jioni alimsomea mama jarida, ukurasa kwa ukurasa. Mama alipenda hasa kurasa za maua. Alishika jarida lenyewe, akalisogeza karibu na uso, akauliza hili linaitwaje, na lile. Aliliita "kitabu."

Kisha majani yakaanza kuungua pembeni. Kwanza spinachi, halafu nyanya. Ambokile akapiga picha, akaituma kundini. Jibu lilikuja mchana: mimea ina kiu, ongeza maji, weka na mbolea kidogo. Akaongeza maji. Majani yakazidi kuungua. Akatuma picha nyingine. Mwanachama wa Njombe akasema ni ukungu. Wa Tanga akasema ni wadudu, anyunyize mwarobaini. Mwingine akaweka alama ya mikono inayoomba. Ambokile alifanya yote, moja baada ya jingine. Juu ya udongo ukatokea unga mweupe, na nyanya zikasimama zikiwa zimekauka, bila hata kulala chini.

"Unaiua kwa huruma," mama alisema, lakini hata yeye hakujua dawa. Ujuzi wake wote ulikuwa wa kwao, ambako mvua haiombwi. "Sijui, mwanangu. Udongo huu siujui lugha yake."

Klabu ilikuwa na daraja la juu, ambalo mwanachama wake hutembelewa na mtaalamu. Brightness hakulipenda wazo hilo.

"Baba Lea, jarida limetusaidia nini hata ulipie kingine juu yake?" Lea ni binti yao, alikuwa bweni Mpwapwa. "Kama walichokuuzia mwanzo hakikufaa, cha pili kitafaaje?"

"Atakuja mtu, Brightness. Ataona kwa macho."

"Na mama akiona tumeshindwa tena?"

Akalipa hata hivyo.

Mtaalamu alikuja kwa treni kutoka Morogoro, kijana mpole aliyeitwa Ludovick. Alimwamkia mama, "Shikamoo, bibi," akapiga goti mpaka akaitikiwa. Alishika udongo, akauponda vidoleni. Kisha akaomba maji ya kisima, akayaonja kwa ncha ya ulimi na kuyatema.

"Ni haya mnayomwagilia?"

"Ndiyo. Ya bomba yanakuja kwa mgao, hayatoshi hata kupikia na kumwosha mama."

"Yana chumvi nyingi, kaka. Kila unapomwagilia, maji yanapaa, chumvi inabaki. Ukiongeza maji umeongeza chumvi."

Ambokile alisimama na ndoo mkononi. "Lakini kundini mliniambia niongeze maji."

Ludovick alitazama chini. "Ni mimi niliyekujibu. Niliona picha nikadhani kiu. Nina watu wa kila mkoa mle, na picha haionjwi. Nisamehe."

Hakukuwa na mtu wa kumkasirikia. Kijana alisema ukweli, jarida lilisema ukweli, kila ushauri ulikuwa kweli mahali fulani. Ludovick akashauri waweke tangi la kukinga maji ya mvua, wasubiri msimu, waanze upya kwenye makopo yenye udongo mgeni. Mvua za Dodoma huanza kuelekea mwisho wa mwaka, na huo ulikuwa mwezi wa tisa.

"Nitasubiri," mama alisema kutoka kitini. Walikuwa wamesahau kwamba anasikia.

Ambokile alinunua tangi, akaweka mifereji kwenye bati. Wakasubiri. Mwezi wa kumi na moja joto lilipanda, mawingu yakaja mchana, yakasimama juu ya vilima, yakaondoka. Jarida la mwezi huo lilikuwa na makala ndefu kuhusu kuzuia maji ya mvua yasioze mizizi. Ambokile alimsomea mama kurasa zote isipokuwa hiyo.

Siku moja Brightness alirudi kutoka zamu akakuta kiti cha kibarazani kitupu. Mama alikuwa kwenye tuta la nyanya, amelala ubavu juani, amejiburuta mpaka pale kwa mkono mmoja na goti moja. Alikuwa ameng'oa mashina makavu karibu yote na kuyapanga pembeni. Midomo ilikuwa imepasuka. Brightness alipiga kelele, jirani akaja wakambeba ndani.

Ambokile alipofika, mama alikuwa kitandani, dripu mkononi.

"Mama, kwa nini? Ungesema ningeng'oa mimi."

"Nilikuwa nawasafishia mahali," alisema. "Mvua ikija ikute pasafi." Akafumba macho. "Ndaga, mwanangu." Ndiyo asante ya kwao. Hakusema anashukuru nini.

Baada ya siku ile mguu wake mzima nao ulianza kumlegea. Daktari alisema wamtunze, wampe maji mengi, wamgeuze asipate vidonda. Mvua ikaja mwezi wa kwanza, kubwa, mara moja, ikajaza tangi na kubomoa matuta, kisha ikapotea kwa majuma. Ambokile alipanda mchicha kwenye makopo. Ukaota mwembamba. Jua likaumaliza siku aliyokaa hospitalini na mama yake.

Ada ilipoisha hakuilipa tena. Asubuhi yake akajikuta ameshatolewa kundini, bila neno. Alidhani atajisikia mwepesi. Lakini mwisho wa mwezi mama aliuliza, "Kitabu hakijafika?" Siku iliyofuata akauliza tena.

Akaenda dukani kwa Dhara, akaona aibu kuingia, akaingia. Alimweleza kila kitu akiwa amesimama katikati ya mabomba. Dhara alimsikiliza, macho yakamjaa maji.

"Mimi nikimaliza kusoma nitakuwekea langu," alisema. "Njoo tu, usilipe. Naona haya kaka, ningekwambia mapema habari ya maji."

"Hukujua kwetu tunatumia kisima."

"Sikuuliza."

Jumapili alasiri, baada ya kanisa, Ambokile alimtoa mama kibarazani, akamwekea mto mgongoni, akafungua jarida la Dhara. Lilikuwa toleo la waridi. Alisoma kuhusu kupogoa, kuhusu rangi, kuhusu harufu ya jioni. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaomba aone picha, akaitazama. Upepo ulikuwa umeanza tena.

"Nigeuzie kiti, mwanangu," alisema. "Nitazame barabarani. Huko angalau watu wanapita."

Ambokile akaweka jarida chini, akakiinua kiti pamoja na mama yake, mwepesi alivyokuwa amekuwa, akakigeuza kuelekea lango lililokuwa wazi. Kisha akakaa kwenye ngazi karibu na miguu yake, wakatazama barabara.