Maji ya Printa ya Lalit

Mwaka wa tisini na tano, katika duka la uchapaji la Lalit pale Barabara ya Kirinyaga, Wangui alikuwa akiilisha kompyuta diski moja baada ya nyingine. Bwana Feng mwenye mkahawa Westlands alitaka menyu ya Kichina, na programu ilikuwa inatoa visanduku vitupu tu. Lakini Wangui alikuwa mkaidi. Aliweka fonti, akaitoa, akaiweka upya, akaitukana kidogo kwa Kikuyu, ndipo visanduku vikageuka maandishi.

Printa ikapiga kelele zake na kutoa menyu safi kabisa. Ila ile alama ya Kichina yenye maana ya "maji", kwenye jina la samaki wa kuchemshwa, ilikuwa ikitiririka maji.

"Wangui, hii kitu yako nalowesha karatasi yangu yote!" Lalit alifoka, huku akileta ndoo. Mzee huyo hakuwahi kusaidia bila kulalamika.

Bwana Feng alichovya kidole, akaonja. "Fonti bado mpya," akasema. "Lakini mimi nataka menyu kavu."

Basi yule samaki akaandikwa wa kukaanga. Wangui akaomba kuichapa ile alama moja, kubwa, aende nayo nyumbani.

"Chukua," Lalit akasema, akamfungia kwa nailoni mwenyewe.

Nyumbani kwao Kabiria, mfereji ulikauka Wangui akiwa bado shule ya msingi. Mama yake, Wanjugu, alifua nguo za watu Spring Valley, ambako nyasi zilinyweshwa mchana kutwa, kisha akirudi alipanga foleni na mtungi mpaka magoti yakavimba. Wangui alitaka kitu kimoja tu duniani: mama aketi. Akaigongomea karatasi ukutani, juu ya karai.

"Hii maji ni safi?"

"Ni ya Kichina, mami."

"Basi iko sawa."

Wanjugu akaketi, akaosha miguu yake polepole. Wangui alimtazama kwa raha mpaka machozi yakamlengalenga. Jioni majirani wakaja na mitungi, wakapewa.

Wiki iliyofuata akaja mtu wa mita. Aliitazama karatasi, akatoa spana, akaifungia mita. Wanjugu akamkaribisha maji ya kunywa, akamwuliza mfereji utarudi lini.

"Mfereji si kazi yangu, mama," akajibu kwa heshima. Akamaliza kikombe, akaomba kingine. Chini ya miguu yao bomba kubwa lilikuwa likivuma, likipeleka maji Spring Valley.