Pigo la Joachim

Kule mtaani Kikula, Joachim alijulikana kwa jambo moja tu: mchezo wa dama. Kwenye kiwanda cha shaba alikuwa mfanyakazi kama wengine, akirudi na vumbi kwenye nyusi. Lakini Jumapili baada ya misa, mbele ya kibanda cha Mama Alphonsine, watu walimpisha kiti.

Mpinzani wake alikuwa Rémy, rafiki tangu shuleni, mtu wa maneno mengi. Walicheza wakitukanana na kucheka, mpaka dama ikaingia kwenye simu. Mwanzoni watu waliijaribu kwa utani. Hakuna aliyeifunga. Joachim aling'ang'ana nayo hadi macho yakamwasha, ikamfunga kila mara. Tangu hapo watazamaji wakaacha kumwangalia mchezaji usoni. Waliangalia simu, iliyopangwa kete zilezile, wajue nani kakosea.

Jumapili moja Joachim aliona njia. Ilimjia kama jina lililosahaulika. Akamlisha Rémy kete moja. Ya pili. Kwa ya tatu watu wakaguna, wakidhani amezeeka. Kisha mkono wake ukaruka ubaoni, ukala kete nne kwa pigo moja, na kete yake ikafika mwisho wa ubao, ikawa dama. Maishani mwake hakuwahi kucheza hivyo. Akainua macho akingoja vifijo.

Hakuna aliyepiga hata kofi.

"Weye, ulitoa hii wapi?" Rémy aliuliza.

"Mu kichwa yangu."

"Kichwa ya muntu haionake mbali vile. Toa telefone."

"Rémy! Miye, ndugu yako?"

"Toa!"

Joachim akageuza mifuko nje mbele ya wote. Rozari, kitambaa, funguo.

"Basi uliisoma ku nyumba," Rémy akasema, na watu wakaitikia kwa vichwa.

Alipofika nyumbani alimwomba binti yake, Plamedi, apange kete zilezile kwenye simu, ionekane kwamba mashine ingecheza vingine. Plamedi akapanga. Papo hapo simu ikalisha kete. Ya pili. Ya tatu. Pigo likaja lilelile.

"Papa, iko sawasawa na yako." Plamedi akasita. "Kweli haukuangalia?"

Joachim akazima simu. Ushahidi alioutafuta ulikuwa umemgeukia.

Alikaa Jumapili kadhaa bila kutoka. Aliporudi, Rémy alimpa mkono kana kwamba hakukutokea kitu, wakaketi. Katikati ya mchezo njia ikamfungukia tena, nyeupe, nzuri kuliko ile ya kwanza. Mkono ukaifuata. Akaurudisha, akasogeza kete ya kijinga.

Rémy akala, akashinda, akajipiga paja. "Huyu ndjo Joachim wetu!"

Watu wakacheka, na Joachim akacheka nao. Akapanga kete upya, akaanza kutafuta namna ya kushindwa bila wao kugundua.