Mguu wa Kitanda cha Recho

Mjukuu wangu Recho alipomaliza kidato cha nne alirudi hapa kwangu Kasulu, akapanda kitandani, na kitanda kikampokea. Alishuka kwa mambo mawili tu: kula, na kusalimia wageni kwa kupiga magoti na makofi, maana adabu za Kiha nilimfundisha mwenyewe. Mgeni akishasalimiwa, binti anarudi kulala.

Mwalimu Zaitun wa chuo cha ufundi, mtu wa Tanga mwenye maneno laini, alikuja akasalimiwa hivyohivyo. Akaniambia, "Bibi, nafasi yake ipo mpaka Ijumaa. Lakini fani achague mwenyewe. Akisema 'yoyote tu', simchukui. Hao wa 'yoyote tu' hunitoroka hata nyundo hawajaishika."

"Achague mwenyewe," nikasema. "Mimi sitatia neno."

Na neno sikutia.

Kwanza nilichana sketi yake ya kanisani, nione kama atashika sindano. Akaivaa hivyohivyo. "Ndiyo fasheni, bibi." Nikamwaga chumvi kwenye maharage ya mawese, labda upishi utamwita. Akala, akaongeza ugali wa muhogo, akamaliza maji ya mtungi. Nikachomoa waya za sola. Akapeleka simu kuchajiwa dukani kwa Rashid, na huko akapewa kiti!

Akiwa bado kwenye kiti cha watu, nikachukua msumeno wa marehemu mume wangu, nikaushambulia mguu wa kitanda. Mninga ule! Nilikata upande mmoja, nikapumzika, nikakata wa pili, pande zikakataa kukutana. Nikamalizia kwa shoka.

Recho akarudi, akajitupa kitandani kama kawaida yake. Kitanda kikamtema mpaka mlangoni.

Nikajua ataweka tofali tu alale. Wapi! Alilala sakafuni kifudifudi, akiukodolea macho ule mguu kama mganga anayetazama kidonda.

"Bibi, nani kafanya hivi?"

"Mchwa."

"Mchwa wana shoka?"

"Dunia imebadilika, mjukuu wangu."

"Basi mchwa huyu kaanzia huku, akachoka, akahamia kule. Hata kupima hakupima! Mbao nzuri namna hii! Yaani bibi, inaniuma kuliko nilivyofeli hesabu."

Ijumaa alimtangulia jogoo kuamka. Akaenda chuoni na kile kipande cha mguu kwapani.

"Useremala," akamwambia Mwalimu Zaitun. "Nyumbani kwetu kuna mchwa."

Sasa anakaribia kuhitimu. Kitanda kina mguu mpya, imara kuliko ile mitatu ya zamani. Halafu akatengeneza sanduku, akafungia humo msumeno, shoka, mkasi na, sijui kwa nini, chumvi. Ufunguo anauvaa shingoni.

Juzi kaletwa mjukuu mwingine, Gasper, kutoka Kibondo. Kamaliza shule, kalala.

Sanduku nimelijaribu kwa kisu, kwa jiwe, kwa sala. Halifunguki. Recho kasoma kweli.

Basi kitanda cha Gasper itabidi nikitafune.