Mwaka Huu Sishoni

"Mwaka huu sishoni, na ukumbini siji."

Fundi aliyaandika maneno hayo kwa kidole kimoja, maana mkono wa pili ulikuwa umeshikilia pazia la mteja lisiteleze kwenye cherehani. Hakutanguliza salamu, hakumalizia na kicheko. Alibonyeza, yakaenda. Kisha akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza ya kukatia, akaendelea na pindo lake.

Kundi la simu la familia lilikuwa la kaka yake mkubwa. Yeye ndiye aliyelianzisha, yeye ndiye aliyeliendesha, na kwa kuwa hakupenda kitu duniani kama kufungua kikao na kukifunga, ndugu wote walimwita Mwenyekiti. Asubuhi hiyo alikuwa ametoa tangazo la sikukuu ya mwisho wa mwaka: ukumbi ni uleule, mshereheshaji ni yuleyule, mchango ni kama wa mwaka jana na nyongeza kidogo, sare ni zambarau. "Vipimo vyote vipelekwe kwa Fundi kama kawaida."

Hilo "kama kawaida" ndilo lililomchoma.

Mwaka uliotangulia alishona nguo za ukoo mzima bila kupata hata ahsante. Wateja wake aliwafungia mlango. Alishona mpaka vidole vikaota sugu, na siku yenyewe ilipofika, mabinti zake mapacha walikwenda ukumbini na magauni yaliyoshikizwa kwa pini, kwa sababu mtoto wa fundi ndiye huvaa mwisho. Walikatazwa kukaa wasikunje nguo, wakakatazwa kukimbia wasitoke jasho. Mume wake, ambaye ni muuguzi, alikuwa zamu hospitali, na hakuna aliyeuliza yuko wapi. Mama mzazi wa Fundi na Mwenyekiti, aliyesemwa kuwa ndiye mwenye sherehe, alikalishwa mbele kabisa, ubavuni mwa spika kubwa kama kabati, akatabasamu kutwa nzima. Fundi alipoinama kumweka sawa kitambaa cha kichwa, aliona kitu cheupe sikioni. Pamba. Mama alikuwa ameziba masikio yote mawili, na kila alichoambiwa alikiitikia kwa kichwa.

Shule zilipofunguliwa, mapacha walirudi darasani na viatu vilevile vya zamani, vidole vikichungulia nje. Hapo ndipo Fundi alipopiga moyo konde.

Sasa alikuwa amesema, na kundi likafa ganzi. Kundi ambalo mtu akipiga chafya tu linajaa "pole" mpaka jioni, leo hata shangazi wa mbali hakuandika kitu.

Mume wake alirudi akiwa na koti lake la kazi begani. "Mama Mapacha," alisema akivua viatu, "nimeona ulichoandika. Moto umeshauwasha. Sasa unataka kupika nini?"

Fundi hakuwa amefika huko. Kukataa alikuwa amekuwaza mwaka mzima. Cha kuweka mahali pake hakuwa amekiwaza hata kidogo. Akawaita mapacha, akawauliza wao wanataka sikukuu gani.

"Tulale wote sebuleni," akasema wa kwanza.

"Na Bibi?" Fundi akauliza.

"Na Bibi. Yeye katikati."

"Tusivae viatu," akaongeza wa pili. "Na mtu asitupige picha."

Baba yao alicheka. "Hawa wangefaa kuwa mawaziri wa fedha. Hawajataka kitu cha kununua hata kimoja."

Fundi akaishika simu tena. Safari hii aliandika kwa mikono miwili: "Anayetaka sikukuu ya kupumzika, karibu kwangu. Tutaifanya siku ya pili yake, Baba Mapacha akiwa ametoka zamu, maana naye ni mtu wa familia hii. Hakuna sare. Hakuna mchango. Hakuna zawadi, hata pipi. Kila mtu aje na mto wake, sahani yake, na sufuria moja ya kile anachokula siku zote. Atakayechoka alale. Ajikunaye hujikuna ajipatapo, na mkono wangu mimi umeishia hapa."

Wa kwanza kujibu alikuwa kitindamimba, mdogo wao fundi umeme, kapera asiye na vyombo wala haya. "Sahani sina. Nije na kifuniko cha sufuria?"

"Njoo nacho," Fundi akamjibu.

Siku mbili hazijapita, wifi yake akaingia kibandani kwake akihema, na nyuma yake mchukuzi amebeba majora ya kitambaa cha zambarau. Yakatuliwa juu ya meza, juu ya kazi ya watu.

"Wifi yangu, utani umekwisha," alisema mke wa Mwenyekiti, akijipepea kwa mkono. "Kitambaa kimeshanunuliwa."

"Basi kitafutie fundi."

"Fundi si wewe?"

"Mimi ni fundi mapazia. Na mapazia ninayo, tazama." Fundi aliyainua majora moja moja na kuyasimamisha mlangoni, taratibu, kama mtu anayemsindikiza mgeni.

Wifi akabadili sauti. "Unajua watu watasema nini? Watasema hamna kitu. Watasema muuguzi na fundi wameshindwa hata nguo ya sikukuu."

"Watakuwa wamesema kweli. Tumeshindwa. Mwaka jana pia tulishindwa, ila tulijikaza kisabuni huku tukiyeyuka."

"Una kiburi, wifi."

"Ninacho. Hicho sijakopeshwa na mtu."

Wifi aliondoka na majora yake, na mchukuzi akaondoka na tabasamu alilolificha vibaya. Fundi akakaa. Akalivuta tena pazia la mteja, akaendelea na kazi.

Jumapili ikaitishwa mkutano nyumbani kwa Mama. Walikuwepo watoto wake watatu tu: Mwenyekiti kwenye kiti cha marehemu baba yao, Fundi kwenye kochi, kitindamimba mlangoni tayari kukimbia. Mama alikaa karibu na dirisha akichagua mchele kwenye sinia.

"Kikao kimefunguliwa," Mwenyekiti alisema. "Baba aliwaacha mikononi mwangu. Mimi sifanyi sherehe kwa ajili ya tumbo langu. Nafanya ili watu wakiuliza, watoto wa yule mzee wako wapi, waonekane. Wamekaa pamoja, wamependeza. Hii heshima nimeijenga mimi. Sasa huyu anataka kuivunja kwa mito na masufuria!"

"Baba mwenyewe siku ya sikukuu alikuwa anavua viatu analala," Fundi alisema. "Alikuwa anafanya kazi mwaka mzima kama punda. Siku hiyo hakutaka kuonekana na mtu."

"Usimtaje Baba kutetea uvivu wako."

"Uvivu?" Fundi alisimama. "Rudia hilo neno, kaka. Lirudie ukitazama hivi vidole."

Kitindamimba akakohoa. Mwenyekiti akageuza uso, akasema kwa sauti ya chini kidogo, "Basi tuelewane. Wewe fanya yako siku ya pili, mimi nifanye yangu. Lakini Mama anakuja ukumbini. Kiti chake kipo pale mbele."

"Mmemaliza?" Mama aliuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye mchele. "Maana mimi naomba nafasi, mwenyekiti."

Wote wakamgeukia. Hawakuwa wamezoea Mama kuomba nafasi.

"Ule ukumbi wako, mwanangu, mimi sisikii kitu. Mtu ananijia, midomo inachezacheza, mimi natabasamu. Mwaka jana kuna mama mmoja alinishika mikono, akasema nami kwa muda, nikamwambia ahsante, Mungu akuzidishie." Akatupa punje mbovu dirishani. "Kumbe alikuwa ananiambia amefiwa na mumewe. Nilikuja kujua baadaye. Mpaka leo nikimwona njiani nabadilisha barabara."

"Mama, spika tutaisogeza."

"Utaisogeza mpaka wapi? Haisogei hiyo, mimi ndiye nasogea. Nimekaa mbele miaka yote hiyo kama keki. Watu wananipiga picha, hakuna anayeniuliza kitu. Mwaka huu siendi."

"Mama, nitawaambia nini watu?"

"Waambie mama yangu amekataa. Ni sentensi fupi."

Mwenyekiti alisimama, akachukua funguo za gari. Hakukifunga kikao. Tangu waanze kumwita jina hilo, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Sikukuu ikafika. Ukumbini sherehe ilifanyika, na wala haikuharibika. Muziki ulilia, watu walikula, picha zikamiminika kwenye kundi la simu. Fundi alizitazama akiwa jikoni na mapacha. Mume wake alikuwa zamu, Mama alikuwa amekwisha kuhamia kwao na kifurushi chake tangu jana. Moyo ulimuuma kidogo, asijidanganye mtu. Watu wako wakicheka mahali usipokuwepo, panauma. Kisha akaikuza picha moja kwa vidole, akaona pindo la gauni la wifi limekwenda upande kama njia ya ng'ombe. Alitaka kuandika. Akajizuia. Akacheka peke yake mpaka Mama akauliza kuna nini.

Siku ya pili magodoro yote ya nyumba yalivutwa sebuleni, meza ikatolewa nje. Muuguzi alirudi asubuhi, akaoga, akajitupa kwenye godoro la pembeni na kukoroma kabla mgeni wa kwanza hajabisha hodi. Kitindamimba alikuja na kifuniko chake kweli, na sufuria ya maharage yaliyoungua chini. Binamu wawili walikuja na watoto wao, na shangazi mmoja aliyesema amekuja kuchungulia tu, lakini kwapani alikuwa na mto. Hakuna aliyepangiwa kazi. Wali ulikosa chumvi kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ameshaitia, wakaula hivyohivyo. Watoto walipanga foleni kumsemesha Bibi kwenye sikio lake la kulia, ambalo ndilo lililobaki na uzima, na Bibi akawajibu mmoja mmoja, maswali yote, hata lile la kwa nini hana meno ya nyuma.

Alasiri gari likasimama nje.

Watoto wa Mwenyekiti waliruka chini kabla injini haijazimwa, wakatupa viatu barazani na kupotea ndani. Wifi akashuka polepole. Mwenyekiti alikuja mpaka kizingitini, amevaa suti, hakuingia. Fundi alitoka kumpokea, akasimama katikati ya mlango.

"Umeniaibisha," Mwenyekiti alisema. "Kiti cha mbele kilikuwa kitupu siku nzima. Ilibidi nimwambie mshereheshaji kwamba Mama anaumwa."

"Kwa nini hukumwambia ukweli?"

"Ukweli upi? Kwamba dada yangu amenigeuzia mama?"

"Mama si pazia, kaka. Hageuzwi."

"Niombe radhi."

Fundi alikuwa akimwomba radhi mtu huyu tangu utotoni, kwa makosa yake na ya wengine, hata sahani ikivunjwa na paka. Neno lilikuwa tayari liko mdomoni, limezoea njia.

"Siombi," alisema.

"Cherehani yako ya kwanza nani alikununulia?"

"Wewe. Na nilishukuru, na nashukuru mpaka leo. Lakini ulininunulia cherehani, kaka. Hukuninunua mimi."

Wifi aliyekuwa nyuma alitazama chini. Ndani Mama akapaza sauti: "Nani anagomba hapo mlangoni? Kama ni maneno ya maana, njoo uyasemee huku sikioni!"

Fundi akasogea akampa njia. Mwenyekiti akavua viatu, akapita katikati ya miguu ya watu, akapiga magoti na suti yake juu ya godoro. Aliinama kwenye sikio la Mama na kusema kwa muda mrefu. Hakuna aliyesikia alichosema. Walichosikia ni jibu la Mama tu, kwa sababu asiyesikia vizuri hanong'oni:

"Najua. Najua, baba. Lakini umechoka, na sura yako inaonyesha. Kula."

Alikula kidogo, kwenye sahani ya mtoto wake, bila kuzungumza na dada yake. Hakutaka kujinyoosha. Jua likiwa bado kali, alisimama, akamwita mke wake waondoke.

"Mimi viatu nimeshavua," Wifi alisema, amejiegemeza ukutani karibu na shangazi, macho nusu yamefumba. "Nimevaa visigino tangu jana. Wewe nenda. Utatufuata hapa kesho."

Mwenyekiti akaenda peke yake. Baba Mapacha, ambaye alikuwa ameamka na kumshuhudia shemeji yake akitoka, alimtazama mkewe. "Humsindikizi?"

Miaka yote kaka yake akinuna, Fundi ndiye aliyemfuata mpaka garini kumbembeleza.

"Leo simfuati," alisema. Lakini alisimama dirishani.

Mwenyekiti alifungua mlango wa gari, akageuka. "Mwakani tutaongea!" alisema kwa nguvu, kama mtu anayetisha.

"Mwakani utaniuliza!" Fundi akamjibu kwa sauti ileile.

Gari likawaka, likakaa pale kidogo likinguruma, kisha likaondoka. Fundi akarudi ndani. Vyombo vilikuwa vimelundikana jikoni, na mahali pake kwenye godoro palikuwa pamevamiwa na watoto wa kaka yake wakicheza na mapacha. Akawasukuma, akajipatia nafasi ubavuni mwa Mama, akalala mchana mweupe huku nyumba ikipiga kelele.