Benchi la Shangazi

Kila asubuhi Kimya aliianza kazi vilevile. Alifungua kibanda chake cha kushonea pale kituo cha mabasi, akapangusa cherehani, akatunga uzi mweusi. Siku hiyo uzi ulikuwa haujapenya tunduni kitu kilipotua mlangoni kwa kishindo. Benchi. Nyuma yake shangazi yake alikuwa akihema.

“Wateja wako watasimama mpaka lini, kama wanasubiri hukumu?”

Kimya akasogea kumpisha. Duka la shangazi la kushonea kule mtaani lilipata wateja kwa benchi hilo. Mteja aliketi, akaulizwa presha ya baba na vituko vya mawifi, ndipo akachukuliwa vipimo. Aliyethubutu kwenda kwa fundi mwingine alipita njia ya uani kama mwizi wa kuku.

“Kibanda kisicho na mteja hata mmoja unayemjua jina si biashara,” shangazi, aliyekilipia kodi, alikuwa ameshamwambia. “Hali ikiwa hii, nakifunga, urudi mtaani.”

Mara akaja kijana mbio, begi kifuani, zipu imeachia. Kimya alinyoosha mkono, lakini shangazi akawahi kulipakata lile begi.

“Keti kwanza, mwanangu. Za utokako?”

“Salama, mama. Basi langu ni lile.”

“Haraka haraka haina baraka. Kwenu wazima? Mama yupo?”

“Yupo, mama, ila basi…”

“Anasumbuliwa na miguu? Wa umri wetu wote ni miguu.”

Honi ikalia. Kijana akalivuta begi lake na kutimua mbio, mguu wa suruali ukining’inia nje na kumpungia shangazi kwaheri. Akalidandia basi likiwa limeshaanza kuondoka.

Shangazi akaketi mwenyewe kwenye benchi. “Watu gani hawa? Hata kuaga hawaagi. Funga, mwanangu, twende zetu. Huku hupendwi.”

Kimya aliangalia sindano. Kule mtaani kila aliyeketi benchini hapo alimuuliza ataolewa lini, naye akainamia pindo mpaka shingo ikamuuma. Hapa watu walimpa kilichochanika, wakapokea kilichoshonwa, wakaenda zao.

“Shangazi,” alisema. “Kule wanakufuata wewe. Hawa wanafuata basi, na mimi nawawahisha. Sitaki kurudi mtaani. Nataka kubaki hapa. Benchi rudi nalo.”